Jumapili Santuri Zilipohamia kwa Fundi Cherehani

Bwana Mhariri, na wasomaji wote wa ukurasa huu, wa Moshi mjini na wa huku juu kwenye migomba: kwa heshima na masikitiko nawatangazia kwamba Jumapili iliyopita, baada ya Misa, hakuna mtu hata mmoja aliyefika nyumbani kwangu Mwika kusikiliza santuri. Viti vilipangwa. Mbege, pombe yetu ya ndizi, iliiva. Kuku tu ndio waliohudhuria, nao hawakukaa.

Jina langu Bwana Mhariri ameahidi kulificha, ingawa huku kwetu mtu akisoma tu habari ya gramafoni yenye honi kubwa atacheka kabla hajafika mstari wa pili. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na saba, mkulima wa kahawa, mwenye mke mmoja, watoto sita, na tumbo linalotangulia kuingia mlangoni. Kuimba sijui, na nikicheza dansi watu huondoa watoto karibu. Lakini kwa miaka mingi majirani waliniita Baba wa Muziki, na jina hilo nililivaa kama koti la Krismasi.

Gramafoni niliinunua kabla ya vita, ikawa ya kwanza upande wetu. Hata wasio na gramafoni walinunua santuri, maana mashine ilikuwa yangu lakini muziki ulikuwa wa wote. Mtu akishuka mjini akapata santuri mpya, aliipitisha kwangu. Jumapili alisimama mbele ya watu akaeleza aliisikia wapi, aliipataje dukani, na nani alikuwa akiing'ang'ania. Kisha mimi, kama mwenye nyumba anavyoonja mbege kabla ya wageni, naweka sindano, nainamisha sikio, natikisa kichwa. Nikisema "hii ina gitaa," basi ina gitaa. Hata sindano zilipoadimika wakati wa vita sikuyumba: zile butu nilizinoa kwenye kinoo, pale pale ninaponolea mundu. Vita vilipokwisha sikuona sababu ya kuacha kazi nzuri hivyo.

Basi baada ya mavuno jirani yangu, Baba Felista, fundi cherehani, akanunua gramafoni ya sanduku, ile unayoifunga ukaibeba kama begi. Mtu mwenyewe mwembamba, anavaa tai hata akipalilia maharage. Majirani wakaanza kwenda kwake; nikasema moyoni, watamchoka. Hawakumchoka. Nikikutana nao njiani wananisalimia kwa adabu iliyozidi: "Shikamoo, Baba wa Muziki. Tutapita." Hawapiti.

Lililonichoma zaidi ni mke wangu. Kila Jumapili: "Naenda kumjulia hali Mama Felista, mguu unamsumbua."

"Mguu gani?"

"Yote miwili."

Anarudi jioni amechangamka, na kesho yake akichambua kahawa anaimba wimbo nisioujua. Mimi, nisioujua! Nikamwuliza ni wimbo gani.

"Ni ile rumba mpya yenye tarumbeta. Kumbe hujaisikia?" Alisema kwa upole, kama anayemwuliza mtu kama amekula.

Nikashuka Moshi kuitafuta. Mwenye duka akanambia ya mwisho ilichukuliwa na mama mmoja wa Mwika, mrefu, mwenye pengo mbele, akicheka anaziba mdomo. Wasomaji, pengo hilo nalijua. Nililipenda kabla sijapanda hata mche mmoja wa kahawa. Yaani mke wangu ameuza ndizi zake, amenunua santuri, na amempelekea fundi! Njia nzima ya kupanda mlima nilimwona yule mwenye tai akimpima kiuno cha gauni. Nilinuna. Nilisusa mtori wa ndizi mbele ya mke wangu, kisha nikaula jikoni peke yangu, umepoa.

Sasa niwaambie ukweli wa Jumapili ile. Nimesema hakuna aliyefika kwangu. Ni kweli, lakini hata mimi sikuwepo. Nilikuwa nimechutama kwenye migomba nyuma ya nyumba ya fundi, nikisikiliza.

Ile rumba ikapigwa. Nzuri, kwa kweli nzuri mno. Ilipokwisha nikamsikia fundi akimwambia mke wangu: "Mpelekee mzee santuri yake."

"Nimpelekee aifanye nini, ailime? Mtu ananoa sindano kama mundu!"

Watu wakaangua kicheko. "Si umwambie?" akasema fundi.

"Mwambie wewe."

"Mimi? Santuri yangu ya kwanza aliikwaruza mbele ya macho yangu, na nikamshukuru!"

"Basi, msimcheke sana," akasema mke wangu. "Hii nilimnunulia yeye. Siku atakayokuja kuketi hapa nataka aisikie ikiwa nzima."

Hapo ndipo ugoro wangu ulipochagua kunipanda puani. Nikapiga chafya moja ya kuamsha mbwa. Kisha sauti ya mke wangu: "Baba Felista, mgomba wako una mafua."

Nilikimbia. Nikasahau mfereji wa maji, ule mfongo unaopita mpakani, nikaingia hadi kiunoni. Jioni mke wangu alianika suruali yangu karibu na moto, huku akiimba ile rumba mwanzo hadi mwisho.

Tangu siku hiyo sinuni tena. Naona haya tu, na wivu umebaki kidogo, maana mlima mzima umeusikia wimbo wangu kabla yangu. Nimenunua kibati cha sindano mpya. Sasa nisaidieni, enyi wenye busara: nipige mbiu watu warudi kwangu, au nibebe kibati changu niende kwa fundi, niketi kwenye benchi kama mgeni yeyote, niombe wanipigie santuri yangu? Nijibuni mapema. Suruali imekwisha pigwa pasi, na aliyeipiga hajasema ni ya kwenda wapi.