Kernel panic, RAM mbovu na sauti ya marehemu baba: yaliyonikuta Msambweni

Wakuu, salaam nyingi kutoka Kwale. Nimesoma nyuzi zenu muda mrefu bila kuchangia, leo nami natoa langu. Sijatia chumvi.

Mimi ni IT wa hoteli moja pale Diani. Kazi yangu ni WiFi za wageni na printer za reception, basi. Mambo ya kernel si chakula changu cha kila siku.

Nyumbani Msambweni kuna desktop ya marehemu baba. Alikuwa na duka la kuchapa barua na photocopy, na mashine hiyo ndiyo iliyotulisha. Virus zilipomzidi nikamwekea Linux. Alilalamika wiki nzima, kisha akaanza kuwaringia wateja kwamba yake haiugui. Nikikumbuka bado nacheka.

Mchana duka likipoa alikuwa akijirekodi kwa maiki. Alisimulia tu: Msambweni ya zamani, nani alioa wapi, yeye alivyomposa mama. Ni folda nzima.

Tangu atutoke, kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana mama huketi pale akasikiliza moja.

Backup, yaani nakala ya akiba, sikuwahi kufanya. Ndiyo, mimi, IT. Nitukaneni tu.

Juzi juzi mama akapiga simu.

"Mwanangu, babako amekatika katikati ya maneno, kisha kioo kikajaa maandishi. Njoo."

Alisema babako, hakusema kompyuta. Nikaomba ruhusa kazini siku hiyo hiyo.

Nilipofika nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba macho yake yakiwa kwenye mashine. Nikawasha: kernel panic, yaani kiini cha mfumo kimeanguka na mashine imeganda. Nikarudia: panic tena, lakini ujumbe tofauti. Mara ya tatu ikawaka vizuri. Nikamshukuru Mungu, nikachomeka flash nianze kunakili.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Faili ile ile nimeinakili mara tatu, checksum tatu tofauti. Kwa asiyejua, checksum ni kama alama ya kidole ya faili. Ikibadilika, kuna kitu kimeharibika njiani.

Mawazo yangu yakaenda kwenye disk. Nilikuwa nimeshaandika command ya fsck ya kuirekebisha, imebaki kubonyeza Enter. Nikajiuliza, kama ni disk, mbona kila panic inalalamikia kitu kingine? Hizo ni dalili za RAM mbovu, ile kumbukumbu ya muda ambamo kila faili hupitia. Na ukirekebisha disk huku RAM ni mbovu, unaweza kuandika takataka juu ya faili nzima. Baba angepotea kwa mkono wangu. Nikaizima.

Nikaandaa memtest, programu ya kupima RAM, kwa laptop yangu, nikaipima desktop. Dakika chache tu, mistari myekundu ya makosa kioo kizima.

Nikafungua kasha la mashine. Wakuu, harufu iliyotoka ni ya udi! Feni imeshikana na masizi, ukigusa yananata.

Kumbe kila Alhamisi jioni mama akifukiza nyumba, chetezo alikiweka chini ya meza ya baba, kisha akaifunika mashine kwa kitambaa ili moshi uingie vizuri. Ndivyo alivyokuwa akimfukizia kanzu zake za Ijumaa.

"Basi nimeiharibu mimi?" akauliza. Uso wake ulinikata maini.

"Hapana mama, ni uzee tu. Wewe fukiza chumba, mashine iache."

Wala sikudanganya sana. RAM yenyewe ni ya zamani, na hewa yetu ya chumvi mnaijua.

Nikasafisha kila kitu. RAM zilikuwa vipande viwili, nikazisugua kwa raba ya penseli pale zinapogusana na ubao, nikapima kimoja kimoja. Cha kwanza kikapita safi. Cha pili bado kilitoa mistari myekundu, nikakitoa.

Kwa kipande kimoja ikawaka kwa kujikokota. Nikanakili mara tatu: checksum zikalingana. Machozi yalinilenga, sifichi. Folda nzima ikapona.

Mama akataka asikie mwenyewe. Nikafungua faili moja bila kuchagua. Baba anasimulia siku ya posa, anajisifu alivyokuwa jasiri, mara kwa nyuma mwanamke anaangua kicheko:

"Muongo wewe! Ulikuwa ukitetemeka!"

Ilinichukua muda kujua kwamba ni mama. Tangu baba afe sijawahi kumsikia akicheka namna ile, na nilikuwa nimeshakisahau kicheko chenyewe.

Nikaona nilivyohangaika na folda ya baba, na mama niliye naye hapa sina hata dakika moja ya sauti yake.

Nikatoa simu, nikamwambia nataka kumrekodi. Akainuka.

"Ngoja nibadilishe leso."

"Ni sauti tu mama, hutaonekana."

"Hata kama. Sizungumzi na watu nimejifunga leso ya jikoni."

Funzo la kifundi: panic zikitofautiana, pima RAM kabla hujagusa disk. Na fanyeni backup, msiwe kama mimi.

Lakini backup haiokoi kisichorekodiwa. Haya wakuu, nijibuni hapa chini: mzazi wako aliye hai, sauti yake unayo?