Mabanzi Juu ya Ukuta wa Mama

Nyumba yangu ya kwanza, kule Kinole, kwenye milima ya Uluguru, ilikuwa na vidole ukutani. Mama na mimi tuliikandika kwa mikono, udongo mwekundu juu ya nguzo na fito, na vidole vyetu vikabaki vimejichora humo, matuta matuta kama shamba la viazi. Wageni waliusifu ukuta ule. Mimi sikuusifu. Ulimwaga vumbi kutwa, na nyufa zake zilipitisha upepo wa mlimani. Kipupwe kilipoingia, mwanangu wa kwanza, ambaye hata kukaa alikuwa hajajua, akaanza kukohoa na hakuacha.

Mume wangu alikuwa seremala, mtu wa Mlali, aliyenioa akaja kukaa kwetu kama desturi ya Waluguru ilivyo. Jumatatu moja akaliweka sanduku lake la mbao mlangoni, nguo zote ndani.

"Mama watoto, huyu hatapona humu. Kaka yangu ana chumba Kihonda, mjini Morogoro. Jumapili tunashuka."

"Unashuka wewe na nani?"

"Na mke wangu na mwanangu."

"Mimi nina shamba na nina mama mzee. Sishuki."

Hatukugombana. Alikuwa na haki kuhusu mtoto, na mimi nilikuwa na haki kuhusu mama, na Jumapili ilikuwa palepale.

Kesho yake ilikuwa zamu yangu ya kupeleka maji kwenye kazi ya kijiji. Siku zile tulikuwa tunafanya kila kitu pamoja, na wiki ile wanaume walikuwa wanapasua mbao za paa la shule. Kando ya shimo la msumeno palikuwa na rundo la mabanzi, yale mapande ya pembeni yenye magome, ambayo tulizoea kugawana kama kuni. Nikasimama na ndoo kichwani. Nilikuwa nimewahi kufua nguo kwenye nyumba moja ya misheni, na chumba chao kimoja kilikuwa na mbao zilizosimamishwa ukuta mzima, na juu ya kila kiungo papi, ubao mwembamba, umepigiliwa kuziba. Upepo haukupata pa kupita. Moyo ukanienda mbio, maji yakanimwagikia shingoni nami nisijali.

"Mwenyekiti, naomba haya mabanzi."

"Hizo ni kuni, dada."

"Kwako kuni. Kwangu ukuta."

Watu wakacheka. Mmoja akapaza sauti kutoka shimoni, "Anataka kuivisha nyumba suti!"

"Na tai," nikamjibu. "Siku ukija kwangu, uje umeoga."

Mwenyekiti akaniruhusu nichukue fungu langu na la mama. Nilipanda na kushuka mara sita, na kila safari nilikuwa natembea upesi kuliko ile iliyotangulia. Mume wangu aliyatazama, akaligeuza moja, akalipitishia randa. Likatoka jeupe, lina harufu tamu.

"Nitakupigia," akasema. "Lakini Jumapili ni Jumapili."

Alhamisi tukaanza. Kwanza mbao tatu za kulala, chini, katikati na juu, ndizo zishike mabanzi. Misumari ilikuwa mirefu na ya zamani, nimeinyoosha mwenyewe juu ya jiwe. Yeye alizoea nyumba za matofali. Akapima hatua sawa kwa sawa, akapiga. Tukasimamisha mabanzi manne, yakapendeza hadi nikapiga kigelegele. Kabla sijakimaliza, ukuta ukaguna, mabanzi yakaanguka na donge la udongo kubwa kama mbuzi. Misumari ilikuwa imeingia kwenye udongo mtupu.

"Nguzo za kwenu ziko wapi?" akauliza, vumbi limemjaa kwenye kope.

Nguzo za kwetu zilikuwa za miti ya msituni, zimepinda kila moja kwa namna yake. Aliyejua zilipo alikuwa mama, aliyezichimbia mwenyewe. Lakini mama mkwe haingii chumba cha mkwewe, na mama hakuwa mtu wa kuvunja mwiko kwa ajili ya mbao. Nikamfuata jikoni kwake, nikamweleza.

"Mwambie mwenzio atulie," akasema. Akaenda nyuma ya nyumba, akaanza kuupapasa ukuta kwa nje kwa kiganja, kisha akagonga kwa mpini wa jembe. Ko! Mimi ndani na kipande cha mkaa, nikaweka alama pale mlio ulipotokea. Ko! Chini. Ko! Katikati, imekwenda kushoto. Ko! Juu, imerudi kulia.

"Shikamoo mama," mume wangu akaita kwa upande wa ndani.

"Mwambie marahaba. Mwambie hiyo anayotaka kuipiga ina kifundo, asogee vidole viwili."

"Mwambie nimesikia."

"Mwambie Mlali hawajui kujenga."

Mume wangu akacheka mpaka akaweka nyundo chini. Aliposogea vidole viwili akapiga, msumari ukalia ule mlio wa mti. Sijapata kusikia sauti nzuri kama ile.

Jumamosi jioni chumba kizima kilikuwa kimesimama, cheupe, na papi juu ya kila kiungo isipokuwa kimoja, cha pembeni pa kitanda cha mtoto. Mbao zilikuwa zimeisha. Nikakiziba kwa kitambaa.

Jumapili asubuhi nilikuwa nimehesabu: mtoto alikohoa mara mbili tu tangu alale. Mume wangu alikuwa amevaa viatu. Akainama juu ya mtoto, akasikiliza kifua muda mrefu, kisha akautoa ule uchafu wangu wa kitambaa, akaweka kiganja kwenye ufa.

"Panapita upepo hapa."

"Mbao zimeisha."

Akatoka mlangoni, akarudi na sanduku. Akazimwaga nguo zote kitandani, akaligeuza, akaling'oa kifuniko kwa nyundo, akakipasua kwa urefu.

"Sasa nguo zako utaweka wapi?" nikamuuliza.

"Nitazitundika ukutani," akasema, misumari mdomoni. "Muulize mama nguzo ya karibu iko wapi."