Taa Aliyotufundisha Mzee Sefu

Kuna asubuhi moja ya mtaani Mbugangari, hapa mjini kwetu, ninayoikumbuka kila nikikuona unafunga mfuko wako wa vifaa, mwanangu. Nilikuwa kijana bado, nimepata leseni yangu juzi juzi, na mtu angeniambia nirudi darasani ningemcheka. Nakueleza haya wewe mwanafunzi wangu kwa sababu jana uliniambia umeitwa kwenye mafunzo ya mafundi wa friji na viyoyozi wenye leseni, na hujui uende au usiende. Sisi wazee hujibu kwa hadithi, mtuvumilie.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Sefu, fundi aliyejulikana hapa Gisenyi hadi Goma. Tulikuwa wanafunzi wawili kwake, mimi na Hamisi, na kusema kweli Hamisi alinizidi kwa mbali. Siku zile tulitafuta mahali gesi inapovuja kwa taa ndogo ya moto. Unaiwasha, unaipitisha polepole kwenye bomba, na pale moto unapogeuka kijani ndipo penye tundu. Gesi tulizozijua hazikuwa za kuwaka, kwa hiyo hatukuwa na wasiwasi. Mzee Sefu alituzoeza taa hiyo mpaka tukawa tunaitumia huku tunapiga soga.

Asubuhi hiyo Hamisi aliitwa na Mama Nyota, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Friza lake lilikuwa limevushwa mpakani siku chache nyuma, la kisasa kuliko yote tuliyowahi kufungua, na tayari lilikuwa limeacha kugandisha. Samaki walikuwa wanalainika, na mama wa watu anazunguka na beseni hajui aanzie wapi. Nikafuatana na Hamisi kumsaidia. Akapiga magoti, akawasha taa, akaanza kufuata bomba vilevile tulivyofundishwa.

Hatukuona kijani. Gesi ya friza lile ilikuwa ya aina mpya, ile inayowaka, na sisi hatukujua kama gesi ya namna hiyo hutiwa ndani ya friji. Moto ulimrukia Hamisi mikononi na usoni kabla sijaweka chini nilichokuwa nimeshika.

Mzee Sefu alinikuta kwenye ukumbi wa hospitali. Nilikuwa na hofu, na hofu ile ikanitoka kwa hasira. Nikamwambia Hamisi ni mzembe, kwamba nyuma ya friza palikuwa na alama ya kuonya moto na hakuiangalia. Mzee hakupandisha sauti.

"Usimuite muzembe," alisema. "Ile lampe ni mi nilimupatia. Alifanya vile nilimufundisha."

Akaingia wodini, akakaa kando ya kitanda. Yule mzee ambaye mafundi wa mji mzima walimpa heshima, akamwomba radhi kijana wake mbele yangu.

"Hamisi, unisamehe. Walituita kwa formation, yale masomo ya gesi mupya, nikasema mi niko na leseni, watanifundisha nini tena. Bon, kama ningeenda, ningekuambia."

"Mzee, hata mi sikuuliza," Hamisi akamjibu, mikono yake yote miwili imefungwa bandeji.

Niliona aibu, mwanangu, na machozi yalinitoka. Hamisi alikuwa anajua kila kitu tulichokijua mimi na mwalimu wetu. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini vidole vyake havikukunjika tena vizuri, na ufundi ukamshinda. Siku hizi anauza vipuri, na ukienda dukani kwake atakutania mpaka usahau ulichofuata. Mzee Sefu naye alikwenda mafunzoni msimu uliofuata. Alikaa mbele kabisa, miwani ameifunga kwa kamba, akauliza maswali mengi hata vijana wakawa wanamsubiri amalize ndipo wapumzike. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake.

Sasa tuje kwako. Najua umechoka. Mtoto bado ananyonya, hoteli za ufukweni zinakupigia simu tangu alfajiri, na unaogopa ukiondoka kidogo watapata fundi mwingine. Hofu hiyo si ya kijinga. Masomo ya kwenye simu yapo, na kwa mambo ya sheria na hesabu za umeme yanatosha. Unaweza kusikiliza huku unambembeleza mtoto. Darasa la Jumamosi katika shule ya ufundi hapa mjini nalo ni zuri kwa mambo ya viyoyozi. Lakini gesi hizi mpya zinazowaka usijifunze kwa kutazama picha. Nenda kwenye ile wiki ya mafunzo ya Kigali uliyoitiwa, ukazishike mwenyewe mbele ya mtu anayezijua. Mke wangu amekwisha sema atapanda basi pamoja nawe, amshike mtoto ukiwa darasani. Simu za hoteli nitazipokea mimi, na watakusubiri. Asiyekusubiri, mwache aende.

Usingoje mpaka leseni ikulazimishe. Nenda kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha. Yote niliyokufundisha yalikuwa kweli siku niliyokufundisha, na sijui ni lipi kati yake ambalo leo limekuwa hatari. Sitaki kuja kukaa kando ya kitanda chako nikikuomba radhi.

Basi nenda, mwanangu. Mungu akufungulie akili, akulinde wewe pamoja na hao unaowahudumia, akurudishe nyumbani na mikono yako mizima. Na ukirudi, unifundishe na mimi.