Randi Tano Katika Kitambaa Chekundu

Mwaka 2016 nilikuwa fundi cherehani mwenye akili timamu, ila kila Jumamosi asubuhi nilinunua hela kwa hela. Nilipeleka noti kwa Mrundi mmoja mwenye spaza, duka dogo la mtaani, kule Soweto, akanipa mfuko wa sarafu wa thamani ileile, nikarudi nao kwetu Rosettenville, Johannesburg, nikiwa nimepungukiwa nauli tu. Nyumbani nilizimwaga mezani, nikashika lenzi, nikaanza kutafuta sarafu iliyokosewa.

Maana kiwanda cha pesa nacho hukosea. Sarafu ya randi tano ni ya madini mawili, pete nyeupe nje na kitovu cha manjano katikati. Nilisoma kwenye simu kwamba ikitoka na kitovu kilichokaa upande, wenye ugonjwa wa kukusanya sarafu huinunua kwa bei ya gari. Ugonjwa ni neno langu la leo. Wakati ule niliuita mradi.

Mradi ulikuwa na sababu, nayo ni binti yetu. Tulimwacha Lubumbashi kwa bibi yake akiwa na miaka minne, tukiahidi kumleta karibuni. Sasa alikuwa na tisa. Nauli ya basi, makaratasi, mtu wa kumvusha mipakani: kila tukikusanya, kodi ya nyumba inatangulia. Kila Jumapili kwenye simu nilimwambia avumilie kidogo, papa, yaani baba yake, anatafuta sarafu moja tu. Mke wangu, msusi anayerudi nyumbani na vidole vilivyovimba, alisikiliza akiwa jikoni, akaendelea kupika. Mimi nikadhani ananiunga mkono. Mwanaume akiamua kujidanganya hahitaji msaidizi.

Hatimaye niliipata. Kitovu kilikuwa kimeegemea upande kama kofia ya mlevi. Nilimtumia picha mzee mmoja Mreno, mwenye duka la saa kuukuu na sarafu mtaani kwetu. Alikuwa safarini. Alisema niilete akirudi, na kwa sasa nisiiguse kwa mikono, jasho huharibu. Niifunge kwa kitambaa laini. Fundi hakosi kitambaa. Nilikata kipande cha mahameli nyekundu kilichobaki kwenye majoho ya kwaya, nikaifunga, nikaikaza kwa uzi, nikaificha chini kabisa ya sanduku la nguo pamoja na picha ya binti yetu, kwa kuwa ilikuwa mali yake. Sikumwambia mke wangu. Nilitaka kumshangaza, na nilifaulu.

Mliolelewa kwetu mmeshaelewa. Kwa wengine niseme tu kwamba hakuna Mlubumbashi asiyekulia na hadithi ya mwanaume aliyetajirika ghafla baada ya mtoto wake kufa. Utajiri huo huombwa kwa mchawi, ambaye sisi twamwita mulozi, na mulozi hudai kitu chekundu, kitu kilichofungwa, na mtu unayempenda. Mke wangu alikuwa na mume anayejifungia na sarafu, anazigeuzageuza na kunong'ona miaka iliyochapwa juu yake. Halafu Jumamosi moja, akitafuta shuka, akafungua sanduku.

Niliporudi kutoka kwa Mrundi nilimkuta ameketi sakafuni, picha ameikumbatia kifuani. Kitambaa kilikuwa ndani ya sufuria, mfuniko juu, na Biblia juu ya mfuniko.

"Weye," aliniambia. Miaka kumi na moja ya ndoa alikuwa akiniita papa. "Umeuzisha mutoto wangu kwa nani?"

Nilicheka. Katika makosa yangu yote ya mwaka ule, hilo ndilo sijajisamehe.

Tuliipeleka sufuria kanisani kwetu, ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu katikati ya mji, juu ya duka la mablanketi ya jumla. Pasta aliomba kwa nguvu, akamwaga chumvi, akakata uzi. Nilimsihi asiiguse kwa mikono, jambo ambalo halikunisaidia. Kisha nikaeleza yote tangu mwanzo. Pasta alisikiliza akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua aliuliza ina bei gani.

Mreno alikuwa amesharudi, basi tukaenda kwake watu watatu, sarafu ikiwa bado ndani ya sufuria, maana mke wangu alikataa itolewe. Mzee aliinyanyua kwa kibano, akaitazama kwa muda mfupi kuliko nilivyoota.

"Hii mtu kaipiga nyundo," alisema kwa Kiingereza. "Si kosa la kiwanda. Ni randi tano, na dukani wanaweza kuikataa."

Pasta akakumbuka ana mazishi.

Tulibaki wawili kwenye robot, ndivyo huku waitavyo taa za barabarani, tukingoja tuvuke. Nikamwambia mke wangu, sasa umeona, haikuwa uchawi. Nilitegemea angalau nihesabiwe hilo.

"Afazali ingekuwa bulozi," alisema, bila hasira. "Mulozi anafanyaka haraka. Weye, myaka tano unaambia mutoto angoje, unamumaliza kidogo kidogo. Na unamufanyia ile na sauti ya muzuri."

Alinieleza tukivuka barabara kwamba yumo kwenye mchezo wa pesa wa wasusi wenzake, zamu yake ni mwezi wa tano, na nauli alishaamua zamani itoke huko. Aliyasema hayo akitazama magari, kama mtu anayemweleza mpangaji mwenzake.

Jumapili nilipiga simu Lubumbashi. Nikamwambia binti yangu kwamba safari hii ni kweli, anakuja mwezi wa sita, mama ana nauli. Nilingoja apige vigelegele.

"Ndiyo, papa," alijibu, jinsi mtu anavyoitikia salamu. Kisha akauliza, kwa adabu, kama nimemaliza, ampe bibi simu.