Kwa Masikio ao kwa Mwili

Fundi wa redio wa mji wa Mweso ana swali moja kwa kila mteja: "Unasikia?" Huliuliza kwa uchovu, kama mtu aliyekwisha kujijibu. Leo analiuliza akiwa amelala chali chini ya kiti kilichong'olewa kwenye lori la Fuso. Papa Nestor, dereva ambaye ajali ilimwacha bila hisia kuanzia kiunoni kwenda chini, amekiweka kiti hicho mbele ya televisheni ili acheze mbio za magari, na anataka kimtikise kama barabara. Fundi ameleta spika zisizo na karatasi, zinazotetemesha badala ya kuimba. Kila moja aliibana kwanza kwenye taya, akafumba macho; mbili akazirudisha mfukoni. Iliyobaki ameifunga kwa bolti chini ya makalio, mahali anapoifunga kila fundi, akaiwasha.

"Papa Nestor, unasikia?"

"Nasikia."

Fundi anatoka chini taratibu, magoti yakimlia. Anamtazama kidogo, kisha anamziba masikio kwa viganja vinavyonuka lehemu, na kumuuliza tena kwa nyusi tu. Nestor anainamisha macho, anatikisa kichwa.

Fundi anashusha pumzi, anarudi chini, anafungua bolti zote. Spika anaihamishia kwenye egemeo, katikati ya mabega, ambako mwili bado una hisia, na kuiwasha. Safari hii haulizi. Nestor anakamata usukani, mabega yake yanaifuata kona.

"Njo sasa nasikia," anasema polepole. "Ila kaka, hii njo barabara ya wapi, haina hata shimo? Ongeza."