Mistari Miwili ya Mahindi

Huku Mishamo, ukitaka kujua maji ya mvua yatapita wapi shambani kwako, unamwita Onesphore. Huja na kifaa chake amekifunga kwenye baiskeli: miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la herufi A, na kamba yenye jiwe ikining'inia katikati. Anapima mteremko, anachomeka vijiti, wenye shamba wanachimba kingamaji, mtaro ambao udongo wake hurundikwa kuwa tuta, kisha wanapanda matete juu ya tuta yashike udongo. Akimaliza husema, "Matete msiyaguse nyie. Ukiyang'oa umeyafungulia maji mlango." Watu walishaichoka sentensi hiyo, lakini walimtii na kumwita Mwalimu.

Sasa huyu huyu Mwalimu, msimu wa kupanda ulipofika, alitazama tuta lake la chini kabisa akaona nafasi inapotea bure. Akang'oa matete, akalipunguza tuta, akapanda mistari miwili ya mahindi. Miwili tu! Mtu mzima na mvi zake.

Februari mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Tuta likapasuka, na maji yote yakashukia kwa Séverine, mjane anayelima chini yake. Yakachimba korongo la kufika magotini, yakabeba maharage na udongo wake mweusi mpaka bondeni. Onesphore aliwahi alfajiri kabla ya watu, akaziba palipopasuka, akarudi nyumbani kimya.

 Tangu siku hiyo kanisani alihamia benchi la upande wa pili ili asikione kisogo cha Séverine. Aliona aibu, ndiyo, lakini zaidi aliogopa kwamba hakuna atakayemwita Mwalimu tena.

Wiki ya tatu Séverine akaja mwenyewe.

"Mwalimu, njoo unionyeshe nilipokosea. Nadhani ni matuta yangu, niliyalima vibaya. Nimeliharibu shamba la marehemu kwa mikono yangu. Mwanangu Emelyne ananiita mjini Mpanda nikakae naye, nami nataka nikubali. Shamba nimwachie anayeliweza."

Onesphore alichukua miti yake. Walianza bondeni wakipanda kufuata korongo, yeye akipima, Séverine nyuma yake amebeba vijiti. Jua lilipokuwa kali, Séverine alimpa maji ya kunywa. Kila hatua Onesphore angeweza kusema ni matuta, na mama huyu angeamini, angefunga mizigo yake na kumshukuru juu ya hayo. 

Korongo likawafikisha kwenye tuta la Onesphore mwenyewe. Onesphore akaweka miti chini.

"Mama Emelyne, matuta yako hayana kosa. Ni mimi. Niling'oa matete hapa nikapanda mahindi. Maji yametokea kwangu."

Séverine aliisogelea mistari ile miwili. Akavunja hindi moja, akalimenya, akaibonyeza punje kwa ukucha. Ilitoa maji matupu.

"Hata hayajakomaa," akasema. Akamwekea hindi mkononi, akashuka shambani kwake.

Onesphore akaanza kuyang'oa mahindi, shina baada ya shina. Kutoka chini alimsikia Séverine akiongea kwa simu, kwa sauti kubwa kama wazee wanavyofanya: "Emelyne, siji tena. Kumbe sikukosea mimi."

Hakusema nani alikosea. Onesphore alisimama na shina mkononi, akitamani Séverine amtaje, yaishe.