Soda ya Vidonge Siku ya Mahari

Soda nyingi za siku hizi ni maji yaliyotukanwa. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini ulimi haupelekwi shule. Niwekee vikombe viwili mezani, nitakwambia kipi kina sukari na kipi kina vile vidonge vidogo vyeupe vya kwenye kikopo, vya kutilia utamu badala ya sukari, kabla hujavuta kiti. Ulimi huohuo ulikaribia kuvunja ndoa ya mjukuu wangu. Ndiyo maana naandika, kwa sababu hapa Itaba, mkoa wa Gitega, Burundi, kila mtu anaisimulia habari hiyo, na wote wanaisimulia vibaya.

Nianze na utamu wenyewe. Sukari ya kweli ni mgeni mwenye adabu: inabisha hodi, inaingia taratibu, inakaa, halafu inaaga. Ikishaondoka, vidole vinanata. Kidonge ni mlevi. Anaingia bila hodi, kelele zote anapigia mlangoni, na ukidhani ametoka, kumbe yuko nyuma ya ulimi, mchungu, kama umelamba sufuria ya bati. Vidole havinati hata ukivimwagia chupa nzima. Na sisimizi nao hawadanganyiki. Mwaga tone la hiki na tone la kile, nenda kalishe mbuzi, rudi uone wamekusanyika wapi. Sisimizi wana akili kuliko wanywaji wengi ninaowajua.

Soda yangu ya kwanza niliinywea Mutoyi, kwenye misheni, siku ya sikukuu, nikiwa msichana. Chupa moja ya kioo, watoto wanne. Ilikuwa imepigwa jua mpaka ikawa ya moto kama chai, lakini ilikuwa sukari. Baadaye vita vikatupeleka Tanzania. Kule kambini niliuza chai. Jirani yangu naye aliuza chai, ila yeye alitia vidonge. Watu wakakimbilia kwake kwa sababu ya bei, wanakunywa wamekunja uso, wanasema, "Tamu kweli, mama!" Nikaonja mara moja, nikaitema nyuma ya turubai, na tangu siku hiyo nikaujua ule uchungu kama ninavyoujua mlango wa nyumba yangu.

Waliorudi kutoka Tanzania wana wimbo mmoja: soda ya Tanzania, soda ya Tanzania. Na mimi niliuimba, nisidanganye. Siku tuliyorudi, lori likatushusha mpakani Kobero, nikanunua chupa moja upande wa Burundi, nikawagawia watoto kwa kizibo, kizibo kimoja kimoja, kama dawa. Nilipoonja changu, utamu ulikuwa uleule. Gesi tu ndiyo ilikuwa kali kidogo. Lakini nikawaambia watoto, "Ya Tanzania ni bora." Nilikuwa nimechoka, na sikutaka kuisifia nchi iliyonifukuza kabla haijanionyesha shamba langu. Sasa naandika ukweli: zilikuwa sawa.

Basi, tuje kwenye mahari. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu ninayeishi naye, alimpata kijana wa Muyinga mjini. Ukoo wa kijana ni wafanyabiashara, watu wa vitambaa na sabuni, waliozoea kusema kwa sauti. Sikuwapenda. Watu wa mpakani huwa nawaona kama chenji: kila saa wako mkono mwingine. Lakini msichana alimpenda kijana, na alikuwa ameshakataa wawili waliotoka karibu, hata mmoja mwenye ng'ombe. Niliona wazi kwamba huyu akiondoka, hatafuata mwingine.

Zamani mahari haikujadiliwa bila pombe ya ndizi, na pombe ilikuwa na sheria yake. Aliyeitoa anaionja kwanza mbele ya mgeni. Kwa Kirundi tunasema gusogongera. Unapiga funda moja, wote wanaona hukuanguka, ndipo unampa mwenzako. Sisi sasa tumeokoka, hatunywi pombe, tunatumia soda. Na kwa kuwa soda ina kizibo, watu wakasema, ya nini kuonja? Wakaiacha desturi kama mtu anavyoacha kofia kwenye basi. Mimi pia niliiacha. Hilo ndilo kosa, mengine yote yalitoka humo.

Wageni walikuja asubuhi na gari, wakateremsha kreti sita za chupa za kioo, zikapelekwa ndani. Mwaka huo sukari ilikuwa imepotea madukani, na soda pia ilikuwa inatafutwa kama dawa, kwa hiyo wanawake walipoona kreti wakapiga vigelegele kana kwamba bwana harusi mwenyewe ndiye amefungwa humo. Tukakaa chini ya turubai, wao kule, sisi huku. Wasichana wakapita na vikombe vya plastiki, kinywaji chekundu, kimeshamiminwa tayari. Nikapewa changu. Nikanywa.

Mlevi akaingia bila hodi.

Nikatazama upande wa wageni. Wamekaa wameinua shingo, wamevaa vizuri, na shangazi wa kijana, mwanamke mnene mwenye kilemba cha kijani, anakunywa kidogo kidogo kama ndege. Nikajisemea, ndio hawa. Wanamtaka mtoto wetu kwa maji ya vidonge. Leo wanatudanganya kwa soda, kesho watamdanganya kwa kila kitu. Msemaji wao alikuwa katikati ya maneno mazuri kuhusu ua waliloliona bustanini kwetu. Nikamkata.

"Samahani, baba," nikasema, "nina swali moja kabla hujafika kwenye ng'ombe. Malori yote ya Kobero yanapita mlangoni kwenu. Mmekosa hata kijiko kimoja cha sukari cha kumposea huyu msichana, mpaka mtuletee vidonge?"

Msemaji wetu, mtu mzima mwenye heshima zake, akainamia viatu vyake.

Msemaji wao akaondoa kofia. "Mama, sisi tulileta chupa. Kreti sita. Tangu ziingie ndani hatujaziona."

Na yule shangazi akaweka kikombe chini, akasema polepole, kila mtu asikie: "Sisi tulidhani ndiyo soda ya Gitega, mama. Tukanywa kwa heshima."

Mjukuu wangu alitokeza nyuma ya pazia, uso wake umekuwa wa majivu. "Bibi," akasema, "ni yetu."

Ilikuwa yetu. Binti yangu alikuwa ameziona kreti zile, akawaza siku ya harusi yenyewe, akaona soda haipatikani, akazisukuma zote chini ya kitanda. Halafu akachemsha maji, akayamimina kwenye ndoo, akatia unga mwekundu wa dukani na vidonge. Nikamwita.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungekataa, mama."

"Ningekataa!"

"Basi ndiyo maana."

Wanaume wa Muyinga walianza kutazamana. Mmoja akatafuta funguo za gari mfukoni. Msemaji wao akasema, kwa adabu iliyokaa kama mlango unaofungwa, kwamba labda siku hii haikuwa siku, labda wangerudi nyumbani wakaombe Mungu kwanza. Kila mtu mzima pale alijua maana yake. Waliotukanwa kwenye mahari hawarudi. Mjukuu wangu alijua pia, kwa sababu aliketi palepale mlangoni, kwenye vumbi, na nguo yake mpya.

Mimi kuomba msamaha si kazi ninayoijua. Maneno ya msamaha yakifika mdomoni mwangu yanakuwa kama karipio. Lakini desturi niliijua. Nikasimama, nikamwambia binti yangu alete ile ndoo nzima mbele ya watu. Nikachota kikombe, nikajaza mpaka mdomoni, nikasimama katikati, upande wa wageni wananiona na wa kwetu wananiona.

"Hiki ni chetu," nikasema. "Kilitakiwa kuonjwa na mwenyewe kabla ya kupewa mgeni, hakikuonjwa. Mngeniona nakionja, mngejua ni cha nani, na mimi ningejua. Sasa nakionja."

Nikanywa chote. Si funda, kikombe kizima, na yule mlevi akashuka kooni mwangu akiimba. Nikafuta mdomo.

"Hakina sumu," nikasema. "Kina aibu tu. Na ni kibaya, hilo silirudishi nyuma. Nililikosea jina la mwenyewe, sikukosea ladha."

Kwanza hakuna aliyecheka. Halafu shangazi wa kilemba cha kijani akatoa sauti puani, akanyoosha kikombe chake.

"Niongeze, mama. Nijue vizuri kile nilichokuwa namezea heshima."

Nikammiminia. Akanywa, akakunja uso mzima mpaka kilemba kikasogea. "Mungu wangu! Hiki mnawapa wakwe?"

"Tunawapa watu wa mpakani," nikasema.

"Aa, huyu bibi!" akapiga paja lake. "Huyu sisi tunamtaka kuliko msichana!"

Hapo wanaume wakakaa tena. Mwenye funguo akazirudisha mfukoni. Kreti zikatolewa chini ya kitanda, zina vumbi na soksi moja ya mtoto, na shangazi akafungua chupa ya kwanza mwenyewe, akaonja mbele yangu, akanipa. Ilikuwa ya sukari. Ilibisha hodi. Siwezi kusema uongo kwa sababu tu watu wanajisifu: ilikuwa sukari, ingawa gesi ilizidi na rangi ilikuwa ya mchezo wa watoto. Nikawaambia hivyohivyo. Ng'ombe wakajadiliwa mpaka mchana, tukaelewana.

Asubuhi yake nilipofagia uwanja, palipomwagika soda ya wageni sisimizi walikuwa wamejaa weusi. Palipomwagika yetu, udongo ulikuwa safi kama mezani kwa padri. Nikamwita binti yangu aje aone. Akaangalia, akasema ana kazi.

Mjukuu wangu yuko Muyinga sasa, ana nyumba yake karibu na soko. Nikienda, najua atafanya nini. Anachukua kikombe, anamimina, anapiga funda moja akinitazama machoni, ndipo ananipa kwa mikono miwili. "Cha kwetu, Bibi," anasema. Mwezi mwingine kuna sukari, mwezi mwingine hakuna, na ikiwa hakuna anatia vidonge kama wenzake wote. Nakipokea. Nakinywa mpaka chini, sibakizi. Halafu namwambia ni kibaya.